Daktari aliyepinga mwezi Mei, akaandika barua mwezi Desemba

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya maabara. Katika somo la maadili ya utafiti tulifundishwa kesi ya madaktari iliyosikilizwa Nuremberg, tukaambiwa kwamba Profesa Gerhard Rose alisimama mkutanoni mwaka 1943 akapinga majaribio yaliyokuwa yakifanywa kwa wafungwa wa kambini. Mbona basi alifungwa maisha? Je, hakuonewa tu kwa kuwa Mjerumani, ilhali Wamarekani nao walikuwa na majaribio yao magerezani? Angekataa kabisa, si angeuawa? Na aliishia wapi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Mwalimu wenu hakuwadanganya. Rose alisimama kweli mbele ya madaktari wakubwa wa jeshi la Ujerumani, akasema jambo ambalo wengine waliokaa ukumbini humo walilimeza, na hata majaji wa Kimarekani waliomtia hatiani hawakulifuta jambo hilo katika hukumu yao. Kilichobaki nje ya somo ni tarehe. Upinzani ule ulikuwa wa mwezi Mei 1943, na barua iliyomfunga ni ya tarehe 2 Desemba mwaka huohuo. Jibu lako limo kati ya miezi hiyo miwili, ila nakuomba uvumilivu kidogo, kwa sababu asiyemjua mwandishi wa barua ile wala ugonjwa unaotajwa ndani yake ataisoma kama karatasi yoyote ya ofisini.

Rose alizaliwa mwaka 1896 mjini Danzig, ambao leo ni Gdańsk nchini Poland. Walikuwapo kambini madaktari vijana wasio na jina, waliotaka kupanda hadi uprofesa kwa kukanyaga migongo ya wafungwa. Huyu hakuwa mmoja wao. Kuanzia 1929 hadi 1936 alifanya kazi China akiwa mshauri wa afya ya umma, akapambana na malaria na magonjwa mengine ya kuambukiza, na aliporudi Berlin alikabidhiwa idara ya magonjwa ya nchi za joto katika Taasisi ya Robert Koch. Ilipofika 1943 alikuwa makamu wa rais wa taasisi hiyo, na wakati huohuo mshauri wa usafi na kinga ya magonjwa wa jeshi la anga, mwenye cheo cha jenerali katika huduma ya tiba. Wadudu wanaobeba magonjwa ndio waliokuwa taaluma yake, na katika hilo alikuwa bingwa anayetambulika hata nje ya nchi yake.

Jina la taasisi hiyo lina historia yake huku kwetu pia. Robert Koch ndiye aliyepiga kambi visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, akiwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa ya atoksili yenye aseniki, na alipopandisha dozi baadhi yao walipofuka. Sisemi kwamba Sese ilizaa Buchenwald, kambi ya mateso ya Ujerumani ambayo nitaifikia hivi punde. Mambo haya hayaendi kwa mstari mnyoofu namna hiyo. Nasema tu kwamba desturi ya kutafuta mahali ambapo mgonjwa hana sauti ya kukataa ilikuwapo kabla ya chama cha Hitler kuzaliwa.

Sasa ugonjwa. Ni homa ya chawa, na tafadhali usiichanganye na homa ya matumbo, yaani taifodi, ambayo vipimo vyake ninyi mnavifanya kila siku. Majina yake ya Kizungu yanakaribiana, lakini ni magonjwa mawili yasiyo na undugu. Homa ya chawa huletwa na bakteria mdogo aitwaye Rickettsia prowazekii, jina linalowakumbuka watafiti wawili, Ricketts na Prowazek, waliouawa na ugonjwa huohuo waliokuwa wakiuchunguza. Mwaka 1909, akiwa Tunis, Charles Nicolle alionyesha kuwa mbebaji wake ni chawa wa mwilini. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na habari za Tunis, lakini walilenga penyewe: chawa huyu hukaa katika mishono ya nguo, na maambukizi huingia pale mtu anapojikuna na kukisugua kinyesi cha mdudu ndani ya ngozi iliyochubuka. Kwa hiyo ni ugonjwa wa mahali ambapo watu hawapati maji, sabuni wala nguo ya kubadilisha, yaani handaki la vita, gereza, kambi ya wakimbizi. Ujerumani ilipoivamia Urusi mwaka 1941, askari wake walikutana nao uso kwa uso.

Chanjo zilikuwapo za aina kadhaa. Iliyoaminika zaidi ilikuwa ya Rudolf Weigl wa Lwów (leo Lviv, Ukraine), ambaye aliwaambukiza chawa mmoja mmoja kwa kuwaingizia vimelea kupitia sehemu ya haja kwa mrija mwembamba mno, kisha akatengeneza chanjo kutokana na matumbo yao. Kazi hiyo ilikuwa ya polepole, na jeshi la mamilioni ya watu haliwezi kuisubiri. Chanjo ya kukuzwa ndani ya mayai ya kuku ilikuwa nyepesi kutengeneza kwa wingi, ila hakuna aliyekuwa na hakika ya nguvu yake ikilinganishwa na ile ya Weigl. Swali lenyewe halikuwa na ubaya wowote. Hata leo mtafiti mwadilifu angeliuliza, halafu angelijibu kwa wanyama wa maabara na kwa kufuatilia waliochanjwa katika maeneo yenye mlipuko. Njia hiyo ina kasoro moja tu, kwamba huchukua muda mrefu.

Mwishoni mwa 1941 wakubwa wa afya wa serikali, wa jeshi na wa SS, kikosi cha chama cha Hitler kilichoendesha kambi za mateso, walichagua njia ya mkato. Jengo namba 46 katika kambi ya mateso ya Buchenwald lilitengwa, likawekwa chini ya daktari wa SS aitwaye Erwin Ding, na kazi ikaanza Januari 1942. Utaratibu wake utautambua mara moja, kwa sababu kwa sura ya nje ni ule mnaofundishwa ninyi: kundi moja linachanjwa, kundi la kulinganishia halichanjwi, kisha wote wanaambukizwa kwa makusudi na matokeo yanaandikwa. Kulikuwa na kundi jingine ambalo halimo katika kitabu chochote cha mbinu za utafiti. Hao walikuwa wafungwa walioambukizwa bila lengo la kupima chochote, ili tu vimelea hai vipatikane wakati wote ndani ya damu yao na jaribio linalofuata lisikwame. Kwa lugha ya maabara, walikuwa chupa za kuhifadhia vimelea. Hukumu ya Nuremberg ilitaja wafungwa 729 waliofanyiwa majaribio ya homa ya chawa, ambao angalau 154 kati yao walikufa, na hesabu hiyo haikuwajumuisha wale wa kundi la kuhifadhia, ambao karibu wote waliangamia.

Rose aliliona jengo hilo kwa macho yake. Shajara ya kituo, iliyonusurika kwa msaada wa Eugen Kogon, mfungwa aliyekuwa karani wa Ding, inasema kwamba tarehe 17 Machi 1942 alilitembelea akiwa na Eugen Gildemeister, rais wa Taasisi ya Robert Koch. Kwa maelezo yake mwenyewe mahakamani, hakuafiki alichoambiwa, akapeleka malalamiko yake kwa Leonardo Conti, mkuu wa afya wa serikali, na Conti akamjibu kwamba watu wanakufa kwa maelfu, kwa hiyo haoni sababu ya kuwaonea huruma wahalifu wachache. Jibu la namna hiyo si geni kwa yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya maadili ya utafiti, ingawa siku hizi huvikwa nguo nzuri zaidi.

Halafu ukaja mkutano wa Mei 1943. Madaktari washauri wa majeshi walikutana Berlin katika Chuo cha Tiba cha Jeshi, na Ding akapanda jukwaani kueleza matokeo ya chanjo zake, akiyasimulia kwa namna ambayo asiyejua angeweza kudhani ni habari za hospitali. Rose aliyajua, akasimama, akapinga waziwazi kupima chanjo kwa kuwaambukiza watu. Mbele ya wakubwa wale, katika mwaka ule, hilo halikuwa jambo dogo. Mimi binafsi ninaposoma habari hiyo huwa natamani hadithi iishie hapo, tumweke Rose katika vitabu vyetu upande wa waliosema hapana.

Haikuishia hapo. Katika mwaka huohuo Rose alipata habari za chanjo mpya iliyotengenezwa katika taasisi ya seramu ya Copenhagen kwa kutumia maini ya panya. Hilo ni swali jipya, nalo lilimgusa pale penye taaluma yake. Tarehe 2 Desemba 1943 alimwandikia Joachim Mrugowsky, mkuu wa Taasisi ya Usafi ya SS na bosi wa Ding, akipendekeza chanjo hiyo nayo ipimwe Buchenwald kama zilivyopimwa zilizotangulia. Hakuna aliyemwamuru kuiandika. Barua haina tusi, haina neno la chuki dhidi ya kabila wala dini ya mtu. Ni mtaalamu anayemwomba mwenzake nafasi ya kupima, kama vile wewe unavyoomba zamu ya kutumia mashine ya maabara.

Kilichofuata kimo katika shajara, na nakuomba ukisome kwa jicho la maabara kwa sababu umeshafundishwa kusoma jedwali. Ingizo linaanza tarehe 8 Machi 1944 na linasema wazi kwamba jaribio limefanywa kwa pendekezo la Rose. Watu 20 walichanjwa, 10 wakawekwa kuwa kundi la kulinganishia. Wanne waliondolewa kabla ya maambukizi kwa sababu walipatwa na maradhi mengine katikati, utaratibu mzuri kabisa wa kitaalamu, jaribio lisichafuliwe. Tarehe 16 Aprili waliobaki walidungwa chini ya ngozi sehemu ya ishirini ya mililita moja ya damu mbichi ya mgonjwa wa homa ya chawa. Waliochanjwa walikuwa 17 na wote waliugua, tisa kwa kiwango cha kati na wanane vibaya. Wa kulinganishia walikuwa tisa, nao wote waliugua, wawili kwa kiwango cha kati na saba vibaya. Waliokufa ni sita, watatu kutoka kila upande. Jaribio likafungwa tarehe 2 Juni, na tarehe 13 Juni majedwali na maelezo ya wagonjwa yakapelekwa Berlin.

Sasa rudi kwenye swali lako la kwanza. Ulidhani upinzani wa Mei ungemsaidia, na wakili wake naye alidhani hivyo. Lakini fikiria jaji anahitaji kujua nini kuhusu mshtakiwa ambaye hakushika sindano. Anahitaji kujua kama alifahamu kinachotendeka, kama alifahamu kuwa ni kosa, na kama alichangia kwa hiari yake. Washtakiwa wengi wa Nuremberg waliponyoka, au walijaribu kuponyoka, katika mambo mawili ya mwanzo: sikujua, niliambiwa wamejitolea, nilidhani wamehukumiwa kifo kihalali. Rose alikuwa amejifungia milango hiyo yote kwa kinywa chake mwenyewe, kwani mtu hawezi kukipinga asichokijua. Ziara ya Machi 1942 ilionyesha kuwa alijua, hotuba ya Mei 1943 ilionyesha kuwa alijua ni uovu, na barua ya Desemba ikaonyesha kuwa aliutaka msaada wake hata hivyo. Majaji walisema kwa maana hiyohiyo kwamba dhamiri yoyote aliyokuwa nayo aliishinda, akashiriki akijua na akiridhia. Kwa hiyo hotuba ile iliyopaswa kuwa ngao yake iligeuka kuwa shahidi wa upande wa mashtaka.

Utetezi wake mwenyewe unastahili kusikilizwa, maana haukuwa wa kipumbavu. Alijilinganisha na mwanasheria anayeipinga adhabu ya kifo: huyo ataipinga katika mikutano na mbele ya viongozi, na akishindwa hataacha kazi yake, na pengine siku moja atalazimika kutoa hukumu hiyohiyo anayoipinga. Alisema pia kwamba waliokufa Buchenwald hawakufa bure, kwa sababu bila wao watu wengi zaidi wangekufa, waliochaguliwa na bahati mbaya badala ya kuchaguliwa na polisi wa jinai. Isome hoja hiyo mara mbili. Katika ile ya kwanza, jaji anayeipinga adhabu ya kifo ana mtuhumiwa aliyeshtakiwa, akapewa wakili na kusikilizwa. Wafungwa wa jengo namba 46 walisikilizwa na nani? Hoja ya pili inaanguka kwa matokeo ya jaribio lake mwenyewe, kwa kuwa maisha ya watu sita yalinunua habari kwamba chanjo ya Copenhagen haikumkinga hata mmoja asiugue. Na hata kama ingewakinga wote 17, hoja bado ingekuwa mbovu, kwa sababu anayeitoa daima yuko upande wa wanaochagua.

Kwa nini aliandika? Hili ni pendekezo langu, na wenzangu wengine wanaweza kulisoma tofauti. Sioni woga katika barua ile, na chuki siioni pia. Naona mtafiti aliyekwisha kuzoea. Siku ya kwanza jengo namba 46 lilikuwa jambo la kutisha. Karibu miaka miwili baadaye lilikuwa kituo kinachofanya kazi, kina vitanda, kina karani, kina matokeo yanayojadiliwa mikutanoni, na yeye alikwisha kulipinga akashindwa, akawa kama mtu aliyelipa deni lake la dhamiri na kupewa risiti. Baada ya hapo kila chanjo mpya ilikuja na kishawishi kilekile: majibu yapo umbali wa barua moja.

Kuna ushahidi mwingine ambao kwangu mimi unaonyesha mazoea hayo vizuri zaidi kuliko barua ya Desemba. Mtangulizi wa Rose katika idara ya magonjwa ya nchi za joto alikuwa Claus Schilling, mzee aliyezaliwa 1871, aliyestaafu 1936 na badala ya kupumzika akaendelea kutafuta chanjo ya malaria, kwanza kwa wagonjwa wa akili nchini Italia, kisha, kuanzia 1942, katika kambi ya Dachau kwa kibali cha Himmler, mkuu wa SS. Aliwaambukiza malaria zaidi ya wafungwa elfu moja, wakiwamo mapadri wa Kipoland. Mbu walihitajika, na mbu wa kufugwa hufa. Ndipo Rose alipomtumia mayai kutoka Berlin. Tunayo barua ya Schilling ya Julai 1943, ya shukrani, anayoeleza kwamba alipoyatia mayai majini asilimia tano yalizama, maana yake yalikuwa yamekufa, na mengine karibu yote yakaanguliwa salama. Anauliza yalifungashwaje hata yakafika vizuri hivyo. Anatuma salamu kwa msaidizi wa maabara wa Rose, ambaye kwa maneno yake anawatunza mbu kwa ustadi zaidi kuliko mfungwa mmoja pale Dachau aitwaye August. Barua nzima ina adabu ya watu wawili wanaoshirikiana kazi, na tarehe yake ni wiki chache tu baada ya hotuba ya kupinga.

Utashangaa kwamba majaji hawakumtia Rose hatiani kwa mayai hayo. Hati ya mashtaka, ilipotaja walioshtakiwa kwa majaribio ya malaria, haikuliorodhesha jina lake, na mahakama ikasema mshtakiwa ana haki ya kuitegemea hati kama ilivyoandikwa. Jambo hili linagusa swali lako la pili, maana mahakama iliyotaka tu kumkomoa Mjerumani isingejali orodha.

Kuhusu Wamarekani, hapo una hoja, na mwalimu yeyote atakayekunyamazisha kwa swali hilo atakuwa anakudhulumu. Wakili wa Rose aliyaweka mezani majaribio ya nchi nyingine. Mwaka 1906 huko Manila, chini ya Richard Strong, wafungwa 13 wa gereza la Bilibid walikufa baada ya kudungwa chanjo ya kipindupindu iliyochanganyika na vimelea vya tauni. Katika gereza la Stateville, Illinois, mamia ya wafungwa waliambukizwa malaria kuanzia 1944. Walisaini fomu za ridhaa, lakini mjadala wa kama mfungwa anaweza kuridhia kwa uhuru haujaisha hadi leo. Na wakili huyo hakuweza kujua kwamba wakati kesi ikiendelea, watumishi wa afya wa serikali ya Marekani walikuwa Guatemala wakiwaambukiza kaswende na kisonono wafungwa, askari na wagonjwa wa akili, kazi iliyoanza 1946 na kuombewa radhi na Rais Obama mwaka 2010. Ongeza Ishii Shiro wa Japani, mkuu wa Kikosi cha 731 kilichoua maelfu ya watu kule Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, kwa majaribio ya silaha za vimelea, ambaye Wamarekani walimkinga na mashtaka ili wapate matokeo yake. Haki ya mwaka 1947 ilikuwa na mguu mfupi, ilifika kwa wengine na kwa wengine haikufika. Lakini kuachiwa kwa mwizi mmoja hakuwezi kumpa wa pili hati ya shamba. Wale watu sita wa mwaka 1944 hawakufa kidogo kwa sababu ya Guatemala.

Kuhusu kuuawa, tazama kilichompata baada ya hotuba ya Mei: hakukamatwa, hakushushwa cheo, hakuondolewa katika umakamu wa rais. Aliendelea na kazi zake zote mbili hadi vita vilipokwisha. Naye hakuhitaji kufanya ushujaa wowote zaidi ya kuiacha chanjo ya Copenhagen isubiri panya na muda. Ukitaka kuwaona watu ambao kweli wangeuawa, tazama jengo namba 50 la Buchenwald hiyohiyo, ambamo wafungwa wataalamu walilazimishwa kuwatengenezea SS chanjo ya homa ya chawa. Mmoja wao alikuwa Ludwik Fleck, Myahudi wa Lwów na mwanabakteria mahiri. Yeye na wenzake walitambua kwamba chanjo iliyokuwa ikitoka humo haina nguvu, wakanyamaza, wakaendelea kuitengeneza kwa wingi na kuwapelekea askari wa SS, na kiasi kidogo cha chanjo halisi wakakitumia kwa wafungwa wenzao. Wangegunduliwa, wasingefika hata mahakamani.

Hukumu ilisomwa Agosti 1947. Kati ya washtakiwa 23, 16 walitiwa hatiani, na saba wakanyongwa Juni 1948, Mrugowsky akiwa mmoja wao. Ding alijiua mwaka 1945 kabla ya kufikishwa kizimbani. Schilling alihukumiwa mapema zaidi, katika kesi ya Dachau, na alipopewa nafasi ya mwisho ya kusema aliomba meza, kiti na mashine ya kuchapia ili amalize ripoti yake ya malaria. Walimnyonga Mei 1946. Rose alipata kifungo cha maisha, kikapunguzwa mwaka 1951 kuwa miaka 15, na mwaka 1955 akatoka katika gereza la Landsberg. Katika miaka ya 1960 mahakama ya nidhamu ya watumishi wa umma ya Ujerumani Magharibi ilimwona hana hatia. Taasisi ya Robert Koch yenyewe ilisubiri hadi mwaka 2008 ndipo ikatoa hadharani matokeo ya uchunguzi wa yale iliyoyafanya enzi hizo, na Rose hakuwapo kuyasoma. Alifariki Januari 1992, akiwa na umri wa miaka 95.